BIBI MARIAM-UZ-ZAMANI: NDOA YA WAFALME NA NDOA YA SHARIA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyewaumba watu makabila na mataifa ili wajuane. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, liko jambo ambalo limekuwa likizungumzwa sana mabarazani na majumbani mwetu, nalo ni kisa cha binti wa mfalme wa Kihindu aliyeolewa na Akbar, sultani mkubwa wa India. Wengi wetu hatukukipata kisa hiki vitabuni. Tumekipata katika sinema. Sinema ya *Mughal-e-Azam* iliyotoka mwaka wa 1960 ilimwonyesha bibi huyu akiwa mama mtu mzima, na *Jodhaa Akbar* ya mwaka wa 2008 ikamwonyesha akiwa bibi harusi. Watu wametazama, wameimba nyimbo zake, na wametoka humo na hoja mbili.

Hoja ya kwanza ni ya kijana asemaye: ikiwa sultani wa Kiislamu alimwoa mwanamke wa Kihindu, naye akakaa naye katika jumba lake pamoja na ibada yake ya masanamu, basi mimi nazuiwa kwa nini kuoa nimtakaye? Hoja ya pili ni ya yule asemaye: tazameni, Waislamu walikuwa wakichukua mabinti wa watu kwa nguvu za panga. Hoja zote mbili zataka jawabu, kwani ya kwanza yaharibu ndoa, na ya pili yaharibu jina la dini. Na kabla ya kujibu, yatupasa kuijua khabari yenyewe ilivyokuwa, maana kuhukumu jambo usilolijua ni dhuluma.

ALIKUWA NANI?

Bibi huyu alikuwa binti wa Raja Bharmal, mtawala wa Amber, nchi iliyo karibu na mahali palipo mji wa Jaipur hivi leo. Ukoo wake ni wa Rajput, watu waliosifika kwa ushujaa na kwa kushika mila za wazee wao. Na jambo la kwanza la kutambua ni kwamba jina la "Jodha" silo jina lake katika vitabu vya zama zake. Abul Fazl, mwandishi wa Akbar aliyeandika khabari za utawala ule kwa urefu mkubwa, hakumwita kwa jina hilo. Jina hilo lilienea kupitia vitabu vya Kiingereza vya karne ya 19, na asili yake ni kuchanganywa na bibi mwengine wa Jodhpur, ambaye alikuwa mke wa Jahangir, mwana wa Akbar, na ndiye mama wa Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal. Bibi wetu huyu wa Amber alijulikana kwa lakabu aliyopewa katika jumba la kifalme: Mariam-uz-Zamani, maana yake Mariam wa zama zake.

Ndoa yake ilifungwa mwezi wa Februari mwaka wa 1562, sawa na mwaka 969 wa Hijra, huko Sambhar. Akbar wakati huo alikuwa kijana wa miaka 19, na alikuwa ametawala miaka sita tu. Sababu ya ndoa hiyo ilikuwa siasa. Raja Bharmal alikuwa katika dhiki kubwa. Mirza Sharafuddin Husain, liwali wa Akbar katika nchi zile, alikuwa akimkaba: alimtoza mali, akamsaidia mpinzani wake wa ukoo mmoja naye, na akamchukua mwanawe na vijana wa jamaa zake wakawa rehani. Basi Akbar alipokuwa safarini kwenda Ajmer, Raja alikwenda kumlaki, akajitia chini ya himaya yake, na akamtoa binti yake aolewe naye. Rehani wakaachiliwa, na Amber ikaokoka.

Basi mwenye kusema kwamba Akbar alimwendea kwa panga kumpokonya, hakusema kweli. Baba mtu ndiye aliyemtoa. Na mwenye kusema kwamba ilikuwa ndoa ya mapenzi kama walivyoionyesha watu wa sinema, naye pia amepamba. Ilikuwa ni mapatano ya watu wawili wakubwa, na mwanamke ndiye aliyelipiwa mapatano hayo.

Matunda ya mapatano hayo yalikuwa makubwa kwa dola. Bhagwant Das, nduguye bibi huyu, na Man Singh, mpwawe, wakawa katika majemadari wakubwa wa Akbar. Man Singh ndiye aliyeongoza jeshi la Akbar katika vita vya Haldighati mwaka wa 1576 dhidi ya Rana Pratap wa Mewar, mkuu wa ukoo wa Rajput uliokataa katakata kuwatoa mabinti zake kwa masultani. Na raia wa Kihindu walipata nafuu katika miaka ile: mwaka wa 1562 ilikatazwa kuwafanya watumwa wake na watoto wa walioshindwa vitani, na mwaka wa 1563 ikaondolewa kodi waliyokuwa wakitozwa waendao kuhiji mahali pao patakatifu.

HUKUMU YA NDOA HIYO

Sasa twaja katika hukumu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 221, amewakataza Waislamu kuwaoa wanawake washirikina mpaka waamini, na amekataza vilevile kuwaoza washirikina mabinti wa Kiislamu mpaka waamini. Tena katika Suratul Maida, aya ya 5, akahalalisha kuolewa wanawake wenye kujihifadhi katika wale waliopewa Kitabu kabla yetu, yaani Mayahudi na Manasara. Wanavyuoni wengi hawakuwatia Wahindu katika Watu wa Kitabu. Basi ikiwa mwanamke wa Kihindu hakusilimu, ndoa yake na Mwislamu haisihi. Na ikiwa amesilimu, yeye ni dada yetu, na hakuna tofauti baina yake na binti wa sharifu ila kwa uchaji Mungu.

Ama Bibi Mariam-uz-Zamani mwenyewe, khabari zilizopokewa ni hizi: Akbar aliwaachia wake zake wa Kihindu waendelee na ibada zao ndani ya jumba lake. Na khabari nyingine ni kwamba bibi huyu alipewa lakabu ya Kiislamu, akaandaa safari za marikebu za mahujaji, msikiti ukajengwa kwa jina lake huko Lahore, na alipofariki mwaka wa 1623 hakuchomwa kwa mila ya Kihindu bali alizikwa, na kaburi lake liko Sikandra, karibu na Agra, si mbali na kaburi la mumewe. Sisi hatukupewa kazi ya kupasua nyoyo za watu tukatazama yaliyomo. Mambo ya dhahiri twayasoma. Ya siri twamwachia Mwenye kuyajua.

Lakini tulilo nalo yakini ni hili: kitendo cha sultani si dalili. Dini yetu haikuchukuliwa kwa Akbar, wala kwa Jahangir, wala kwa sultani ye yote wa India au wa Unguja. Imechukuliwa kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu na mwendo wa Mtume wake. Kijana akija na hoja ya kwamba fulani mfalme alifanya, ajibiwe kwamba wafalme walikunywa ulevi vilevile, na Jahangir mwenyewe ameandika katika kitabu chake cha maisha yake namna alivyozama katika ulevi. Je, na hilo tulifuate?

Tena iko dhuluma nyingine yatupasa kuikataa. Wako wasemao kwamba Akbar aliharibikiwa na dini yake kwa sababu ya wake zake wa Kihindu. Ni kweli kwamba Akbar alipotoka. Mwaka wa 1575 alijenga nyumba ya majadiliano, akawakusanya maulamaa, kisha mapadri, Wahindu na Majusi. Mwaka wa 1579 akatiwa saini waraka wa kumpa sultani neno la mwisho katika mambo ya dini waliyohitilafiana maulamaa. Na kufika mwaka wa 1582 akawa na tarika yake mwenyewe ya kifalme. Lakini someni khabari za Abdul Qadir Badauni, aliyekuwako na aliyechukizwa na mambo hayo, mtaona kwamba maulamaa wa barazani walikuwa na sehemu kubwa ya lawama. Walikuwa wakitukanana na kukufurishana mbele ya sultani. Mkubwa wao mmoja, aliyeitwa Makhdum-ul-Mulk, alikuwa akimhamishia mkewe mali yake yote kabla ya mwaka kutimia ili zaka isimpate, kisha akiirudisha kwake. Sultani aliyeyaona hayo kwa macho yake, imani yake kwa watu wa dini itabaki wapi? Basi msimtwike mwanamke mzigo wa wanaume waliouza elimu yao.

Na ajabu kubwa ni hii. Akbar alipomtaka Man Singh, mpwa wa bibi huyu, aingie katika tarika yake, yule Mhindu alijibu kwa maana ya kwamba: kama wataka niitoe roho yangu kwa ajili yako, nimekwisha kuiweka mkononi, na kama wataka dini, mimi ni Mhindu, ukiniamuru nitakuwa Mwislamu, lakini njia ya tatu siijui. Mtu huyu asiyekuwa Mwislamu aliona lililowapita baadhi ya wenye vilemba: kwamba dini haizushwi barazani kwa kumridhisha mtawala.

SAUTI ISIYOANDIKWA

Enyi wasomaji, tazameni jambo moja katika kisa hiki. Vitabu vimetuandikia jina la liwali aliyemdhulumu Raja, majina ya vijana waliowekwa rehani, na vituo ambavyo sultani alipiga kambi njiani. Neno la binti mwenyewe halikuandikwa. Hakuna aliyetuandikia kwamba aliulizwa, akajibu ndiyo au la. Hata jina alilopewa na mamake halimo katika khabari za Abul Fazl.

Msiseme hayo ni ya wafalme wa India wa zamani. Uko mji gani katika pwani yetu ambao hamna baba aliyemwoza binti yake kwa ajili ya deni, au kwa ajili ya udugu wa biashara, au kwa kuwa mwenye kuposa ametoka ng'ambo na ana mali? Binti husikia khabari ya harusi yake kutoka kwa somo, siku ambayo wageni wamekwisha kualikwa. Akilia, wasema ni haya za mwari. Akinyamaza, wasema ameridhika. Na walii huenda mbele ya kadhi akatamka kwa ulimi wake ambayo hakuyasikia kwa masikio yake.

Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi baba ana mamlaka katika kumwoza bikira wake; lakini wanavyuoni hao hao wamelifungia jambo hilo kwa masharti, na wameona ni sunna kumwuliza. Pawe hapana uadui dhahiri baina ya binti na babake, na mume awe ni kufu yake. Watu wetu wamelishika neno la mamlaka wakayatupa masharti. Nao husahau yaliyothibiti katika Hadithi za Bukhari, kwamba Bibi Khansa binti Khidham, aliyekuwa amekwisha kuolewa kabla, aliozwa na babake naye hataki, akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akaibatilisha ndoa ile.

Na mkitaka kuona ndoa iliyoleta suluhu bila ya mwanamke kufanywa rehani, tazameni khabari ya Bibi Juwayriya, binti wa mkuu wa Banu Mustaliq. Alikuwa mateka, akaja kwa Mtume kutaka msaada wa kujikomboa. Mtume akamweleza lililo bora kuliko hilo, nalo ni kwamba amlipie ukombozi wake na amwoe. Akamwuliza, naye akakubali kwa kinywa chake. Watu walipojua kwamba jamaa zake wamekuwa wakwe wa Mtume, wakawaacha huru watu wa nyumba mia wa kabila lake. Hiyo nayo ilileta amani baina ya watu wawili. Lakini bibi aliulizwa, akajibu, na jawabu lake limehifadhika mpaka leo.

MWANA NA KABURI

Watoto wa kwanza wa Akbar walikufa wangali wachanga, naye akawa na huzuni kwa kukosa mrithi. Akaenda Sikri kwa Shekhe Salim Chishti, mzee aliyesifika kwa ibada, akataka dua yake. Bibi alipochukua mimba alipelekwa akae karibu na nyumba ya shekhe huyo, na huko ndiko alikojifungua mwana mwaka wa 1569. Akaitwa Salim kwa jina la shekhe, na ndiye aliyekuja kuwa Sultani Jahangir. Mwaka uliofuata Akbar akatoka Agra kwa miguu, zaidi ya maili 200, mpaka Ajmer, penye kaburi la Khwaja Muinuddin Chishti, kutimiza nadhiri yake ya shukrani.

Kumtaka mtu mwema aliye hai akuombee dua ni jambo lenye asili katika dini. Masahaba walifanya hivyo. Lakini nadhiri ni ibada, na ibada haielekezwi makaburini. Mwenye kutoa mtoto ni Mwenyezi Mungu peke yake. Humpa amtakaye mabinti, humpa amtakaye wana, na humfanya amtakaye kuwa tasa. Kwetu pwani wako mabibi wangapi ambao, wakikawia kupata mtoto, hupelekwa penye kaburi na ubani na vitambaa, na mume akae nyumbani asipimwe, asiulizwe, kana kwamba upungufu siku zote ni wa mwanamke? Amwombe Mola wake usiku katika sijda yake, na waende wote wawili kwa daktari mchana. Hayo mawili hayapingani.

Na kwa kuwa tumetaja sijda: Jahangir asimulia katika kitabu chake kwamba mamake alipokuwa akija Lahore alitoka kwenda kumlaki, akamsujudia kwa ada za nasaba yao ya Kimongolia na Kitimuri. Heshima ya mwana kwa mamake twaipenda na kuisifu. Ni wangapi katika sisi, tukipata cheo kidogo, twaona haya kutembea na mama zetu? Lakini kusujudu ni kwa Mwenyezi Mungu tu. Mama hubusiwa mkono, husikilizwa, hutumikiwa, wala hasujudiwi.

MALI YAKE NA MARIKEBU YAKE

Tumefika sasa katika sehemu ya maisha ya bibi huyu ambayo watu wa sinema waliiacha, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Bibi Mariam-uz-Zamani alikuwa mfanyabiashara wa bahari. Ziko hati zilizotolewa kwa muhuri wake mwenyewe. Mawakala wake walinunua nili katika miji ya bara, ikasafirishwa mpaka bandari ya Surat, na kutoka hapo ikapelekwa Mokha na bandari nyingine za Bahari ya Sham. Mara moja mfanyabiashara wa Kiingereza, William Finch, alipandisha bei ya nili huko Bayana akamshinda wakala wa bibi. Jambo hilo likamghadhibisha, na Waingereza wakapungukiwa na heshima yao barazani kwa Jahangir.

Marikebu yake kubwa iliitwa Rahimi. Ilikuwa ikichukua bidhaa, na ilikuwa ikichukua mahujaji wendao Makka. Wakati huo bahari yetu hii ilikuwa imeshikwa na Wareno. Ni Wareno hao hao walioanza kujenga ngome yao ya Mombasa mwaka wa 1593, na amri yao ilikuwa moja kutoka huku kwetu mpaka Surat: chombo kisicho na kibali chao hutekwa. Vibali hivyo vilikuwa na picha za Bibi Mariamu na Nabii Isa, amani iwashukie. Katika zama za Akbar walitokea wanavyuoni waliosema kwamba, kwa sababu ya vibali hivyo na kwa khofu ya njiani, hija imeondoka faradhi yake kwa watu wa India. Miongoni mwao ni huyo huyo Makhdum-ul-Mulk, bwana wa hila ya zaka.

Basi maulamaa wakubwa wakatafuta njia ya kuiepuka hija, na mwanamke aliyezaliwa katika nyumba ya Kihindu akaandaa marikebu ya kuwafikisha watu Makka. Jambo hili latosha kuwa waadhi.

Mwaka wa 1613 Wareno waliiteka marikebu ya Rahimi karibu na Surat pamoja na mali na abiria wake, ingawa ilikuwa na kibali chao, wakaipeleka Goa. Jahangir alighadhibika. Akaamuru biashara ya Wareno isimamishwe, makanisa ya mapadri wa Kijesuiti yafungwe, na mji wao wa Daman uzingirwe. Ugomvi ulidumu mpaka mwaka wa 1615, na waliofaidika nao ni Waingereza, ambao mwaka huo huo walimleta balozi wao Thomas Roe.

Angalieni hapa hukumu ya sharia inavyong'aa. Mwanamke katika Uislamu ana mali yake mwenyewe. Haiwi mali ya mume kwa kuolewa. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, kwa maana yake, kwamba wanaume wana fungu katika waliyoyachuma na wanawake wana fungu katika waliyoyachuma. Mama wa Waumini, Bibi Khadija, alikuwa na msafara wa biashara kabla ya wahyi kushuka. Huko Uingereza mwanamke aliyeolewa alingoja sheria ya mwaka wa 1882 ndipo akamiliki mali yake kwa ukamilifu. Na sisi tuliopewa haki hiyo tangu karne ya kwanza, twafanya nini? Mke akifungua kijiduka cha mahamri au akishona kofia akauza, mume huzihesabu fedha zake kabla yake. Binti akirithi shamba, kaka zake humwambia atie kidole katika karatasi, kisha hasikii tena khabari ya minazi yake. Huu ni ulaji wa haram, hata kama mlaji yuko safu ya kwanza msikitini.

Na mali ya bibi huyu haikuishia katika nili. Msikiti wa Lahore, ulio karibu na mlango wa Masti, ulijengwa kati ya mwaka wa 1611 na 1614, na jina lake limo katika maandishi yake. Msikiti huo ulipatwa na mitihani: zama za utawala wa Masingasinga ulifanywa kiwanda cha baruti, kisha ukarudishwa kwa Waislamu katikati ya karne ya 19, nao wasimama hata leo.

SISI NA MABIBI WALIOSILIMU

Enyi ndugu, twende sasa katika jambo lililotufanya tuandike. Miji yetu ya pwani ni miji ya watu waliochanganyika. Kila mwaka huja kwetu wanawake waliozaliwa katika dini nyingine, wakasilimu wakaolewa. Wengine hutoka bara, wengine ni jirani zetu wa mtaa mmoja. Nasi huwapokea vipi?

Mara nyingi hupokewa hivi. Shahada hutamkishwa asubuhi, nikaha husomwa alasiri, jina hubadilishwa, na buibui hununuliwa. Kisha mafundisho huishia hapo. Hakuna anayemfundisha kutia udhu, wala kusoma Alhamdu, wala haki zake juu ya mumewe. Akikosea, mawifi hucheka. Wakikasirika, humtaja kwa dini yake ya zamani. Mama mkwe hawili chakula alichopika. Akipata watoto, huambiwa kwamba mama yao si mtu wa mji. Na siku mume anapomwacha, hujikuta hana pa kwenda: kwao walimkataa kwa sababu ya dini, na sisi tulimkataa kwa sababu ya asili.

Hivi ndivyo alivyotufundisha Mtume? Bibi Safiyya alikuwa binti wa mkuu wa Mayahudi. Wenziwe walipomtia uchungu kwa asili yake, alilia. Mtume hakumwambia avumilie basi. Alimfundisha jawabu la kuwajibu, kwamba baba yake ni Harun, ammi yake ni Musa, na mumewe ni Muhammad. Aliifanya asili yake kuwa fahari yake. Na Bibi Asmaa binti Abubakar alimwuliza Mtume juu ya mamake mshirikina aliyekuja kumtazama, je, amtendee wema? Akaamrishwa amuunge mamake. Basi mume mwenye kumkataza mkewe aliyesilimu asende kumzuru mamake mgonjwa, au asiende kumzika babake, amechukua dini wapi? Suratu Luqman, aya ya 15, yatuamrisha kukaa na wazazi hao kwa wema duniani, hata wakiwa ni wenye kutaka tushirikishe, pamoja na kutowatii katika shirki.

Akbar, pamoja na upotofu wake, hakuukata udugu wa mkewe. Baba, ndugu na mpwa wa bibi waliingia barazani wakaheshimiwa. Je, sisi tunaodai kushika sunna tushindwe na sultani aliyeiacha?

Na nyinyi vijana mnaotaka kuoa, sikilizeni. Msimlazimishe mwanamke kutamka shahada kwa ajili ya harusi. Hakuna kulazimishwa katika dini, na shahada ya kumridhisha mchumba ni kama nyumba iliyojengwa mchangani wakati wa maji kupwa. Mfundisheni kwanza, mpeni muda aulize, akutane na mabibi wenye elimu. Moyo wake ukikubali, na aingie, na nikaha ifuate. Asipokubali, muageni kwa heshima. Si wa kudharauliwa kwa kuwa mkweli. Na nyinyi mabinti wa Kiislamu, msidanganyike na nyimbo za sinema: sharia iliyomkataza kijana kumwoa mshirikina, hiyo hiyo imekukatazeni kuolewa na asiyekuwa Mwislamu, na wala hamkudhulumiwa, mmehifadhiwa.

Nanyi mashekhe na walimu wa vyuo, wekeni darsa katika kila mtaa kwa ajili ya mabibi waliosilimu, mara moja kwa juma, kwa upole na kwa Kiswahili chepesi. Wenye mali watoe nauli na mas-hafu. Mabibi wenye elimu wawe ndio walimu. Na siku ya talaka, kadhi asiandike karatasi mpaka ajue bibi huyu atalala wapi wakati wa eda yake, kwani makao ya eda ni haki iliyotajwa katika Qurani, wala si hisani ya mume.

Bibi Mariam-uz-Zamani alitolewa na babake kama rehani, akaishi katika nyumba ya watu wa dini nyingine zaidi ya miaka 60, akazaa sultani, akaendesha biashara, akaacha msikiti unaosimama. Watu wamegombania jina lake, na kila mmoja amemvuta kwenye hoja yake. Pengine sasa hivi, katika mtaa wako, yuko bibi aliyesilimu mwezi uliopita, akiwa amekaa peke yake ndani, hajui wakati wa Laasiri umeingia au bado, na aona haya kuuliza. Huyo ndiye utakayeulizwa juu yake kesho, wala si binti wa Amber. Mwendee mkeo leo, umtume kwake na sahani ya chakula na neno jema.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuwapokea wageni wa dini yako kwa moyo mweupe. Utulinde na kuwadhulumu mabinti zetu na wake zetu katika nafsi zao na mali zao. Utuonyeshe haki kuwa ni haki, na uturuzuku kuifuata. Amin.